Aby Warburg na Safari za Ishara katika Sanaa

Swali la kwa nini ishara zilezile hujirudia katika sanaa za watu waliotengana kwa karne nyingi na kwa masafa marefu si geni kwa wanataaluma wa fasihi na sanaa. Nyoka, mti, nyota, mwanamke akimbiaye huku nguo zake zikipepea: mambo haya huonekana katika ngano, katika nakshi, katika vinyago na katika picha za mahekalu, na mara nyingi mhakiki hutosheka kusema kwamba ndivyo binadamu alivyo popote alipo. Jibu hilo ni jepesi mno. Aby Warburg, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyeishi kati ya 1866 na 1929, alitumia maisha yake kutafuta jibu lililo gumu zaidi. Kwake yeye ishara hubebwa: yuko mtu aliyeibeba, kipo kitabu au kitambaa kilichoisafirisha, na ipo haja iliyomfanya mpokeaji aipokee na kuigeuza. Mtu huyohuyo alipata kuzidiwa na ishara alizozichunguza hata akapotewa na akili kwa miaka kadhaa, na jambo hilo haliwezi kutengwa na kazi yake, ijapokuwa wapo waandishi wanaopendelea kuyaeleza mawili haya mbalimbali.

Warburg alizaliwa tarehe 13 Juni, 1866, katika mji wa bandari wa Hamburg, akiwa kifungua mimba wa watoto saba wa Moritz na Charlotte Warburg. Ukoo wake ulimiliki benki ya M. M. Warburg iliyoanzishwa mwaka 1798, na kwa desturi mtoto wa kwanza ndiye aliyetazamiwa kuirithi. Kisa kilichosimuliwa na jamaa zake ni kwamba alipokuwa na umri wa miaka 13 alimwachia mdogo wake Max haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa sharti moja tu: Max amnunulie vitabu vyote atakavyovihitaji maishani. Max, aliyekuwa na miaka 12, aliona kuwa amepata bei rahisi. Ukubwani alikiri kwamba siku ile alikuwa ametoa hundi isiyoandikwa kiasi.

Mwaka 1886 Warburg aliingia Chuo Kikuu cha Bonn. Huko hakusoma historia ya sanaa peke yake. Alisikiliza pia mihadhara ya Hermann Usener kuhusu dini za kale na ya Karl Lamprecht kuhusu historia ya utamaduni, na tangu hapo hakuweza tena kuiona picha kuwa kitu cha kupendeza macho tu. Mwaka 1888 alifika Florence pamoja na wanafunzi wenzake, na mji huo ukawa nyumba yake ya pili. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiwasilisha Strasbourg na kuichapisha mwaka 1893, ilihusu picha mbili za Sandro Botticelli, ile ya kuzaliwa kwa Zuhura na ile ya majira ya kuchipua.

Hoja ya tasnifu hiyo huonekana ndogo mpaka mtu aitafakari. Tangu karne ya 18 wasomi wa Ulaya walikuwa wamezoea kufundisha kwamba sanaa ya Wagiriki wa kale ilikuwa sanaa ya utulivu na heshima. Warburg hakutazama nyuso za miungu wa Botticelli. Alitazama nywele na pindo za nguo. Alionyesha kwamba mchoraji, akiongozwa na mshairi Angelo Poliziano, alikwenda kwa watu wa kale pale hasa alipotaka kuonyesha mwendo: nywele zinazorushwa na upepo, kanga ya hariri inayojisokota mwilini. Kwa watu wa Florence wa karne ya 15, basi, ukale ulikuwa pia chemchemi ya msisimko, na mara nyingine ya wazimu.

Baada ya hapo alianza masomo ya tiba kwa muda mfupi mjini Berlin, akatumikia jeshi, kisha mwaka 1895 akasafiri hadi New York kuhudhuria harusi ya ndugu yake Paul. Maisha ya matajiri wa pwani ya mashariki ya Marekani yalimchosha upesi. Alikutana na wanaethnolojia wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, kisha akaelekea magharibi, katika vijiji vya Wapueblo wa New Mexico na Arizona. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1896 alikuwa Oraibi, kijiji cha Wahopi, na huko aliona ngoma ya watu waliovaa vinyago vya kachina, roho wanaoombwa mvua na mavuno. Ngoma ya nyoka, ambayo baadaye jina lake lilihusishwa nayo sana, hakuiona kwa macho yake, kwani huchezwa mwezi wa Agosti. Aliijua kutokana na maandishi na picha za wengine: nyoka hai, wakiwemo wale wenye sumu, hushikwa mdomoni na wachezaji, kisha huachiwa jangwani ili waende kuita radi na mvua.

Jaribio moja alilolifanya katika safari hiyo linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika shule ya serikali iliyoko Keams Canyon aliwafanya watoto wasimuliwe hadithi ya Kijerumani ambayo ndani yake mna dhoruba, halafu wakaombwa kuichora. Alitaka kujua kama watachora umeme wa kawaida, kama walivyofundishwa na mwalimu, au nyoka, kama wazee wao. Kati ya michoro 14, miwili ilionyesha umeme katika umbo la nyoka mwenye kichwa cha mshale. Kwa Warburg miwili ilitosha kuthibitisha kwamba ishara ya kale ilikuwa bado hai. Msomaji wa leo ana haki ya kuitazama ile 12 iliyosalia, na zaidi ya hayo kumtazama mtoto mwenyewe, aliyekuwa akisomeshwa kwa lugha ya serikali iliyoichukua nchi ya wazazi wake, na ambaye huenda alikuwa na sababu zake za kumchorea mgeni nyoka au za kutomchorea.

Mwaka 1897 Warburg alimwoa Mary Hertz, msanii wa kuchora na kuchonga kutoka familia ya Kiprotestanti ya Hamburg, baada ya miaka ya upinzani wa wazazi wake walioshika dini yao. Walihamia Florence, na hapo ndipo alipokutana na kijakazi aliyemshughulisha hata mwisho wa maisha yake. Kijakazi huyu yumo katika picha za ukutani ambazo Domenico Ghirlandaio na wasaidizi wake walizichora kati ya 1485 na 1490 katika kanisa la Santa Maria Novella kwa gharama ya mfanyabiashara Giovanni Tornabuoni. Picha inayohusika ni ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji. Mama yu kitandani. Mabibi wa Florence wamesimama wima katika mavazi mazito, kama wanaongojea kuhesabiwa. Ghafla, kutoka upande wa kulia, anaingia msichana mwenye sinia la matunda kichwani, anatembea kwa haraka ambayo hakuna mwingine chumbani anayo, na nguo zake zimejaa upepo usioweza kuwamo ndani ya nyumba. Mwaka 1900 Warburg na rafiki yake André Jolles waliandikiana barua juu yake, nusu kwa utani, nusu kwa dhati. Alimwita Nympha. Alitambua kwamba mwili huo ulichongwa karne nyingi kabla, katika majeneza ya mawe ya Warumi, ambamo wanawake wa mungu wa mvinyo hucheza kwa kupagawa. Msichana huyo alikuwa amevuka miaka zaidi ya elfu moja na kuingia katika nyumba ya uzazi ya Wakristo bila ya mtu yeyote kumwuliza alikotoka.

Katika makala ya mwaka 1905 kuhusu mchoro wa Albrecht Dürer wa mwaka 1494, unaohifadhiwa Hamburg na kuonyesha kifo cha Orpheus, Warburg alilipa jambo hili jina ambalo limebaki katika taaluma: Pathosformel, yaani namna maalumu ya mwili, iliyokwisha kukubalika, ya kudhihirishia hisia kali. Mtu aliyepiga goti na kuinua mkono kujikinga na marungu ya wanawake alikuwapo katika vyombo vya Kigiriki, akapokelewa na wachoraji wa Italia ya kaskazini, akafika kwa Dürer. Wasomaji wa fasihi simulizi watakumbuka kwamba msimulizi naye hutumia fomula zilizo tayari. Tofauti ni kwamba fomula za Warburg zilibeba hofu na furaha ya waliozitumia kwanza, na mpokeaji angeweza kuzipindua. Katika sanamu ya kusulubiwa iliyofinyangwa na Bertoldo di Giovanni, Maria Magdalena analia chini ya msalaba kwa mwili uleule wa mwanamke aliyepagawa kwa mvinyo. Mwendo ni mmoja. Maana imegeuzwa kabisa.

Mwaka 1907 alitoa mfano mwingine, ambao watu wa pwani watauelewa bila ya maelezo mengi. Giovanni Rucellai, mfanyabiashara tajiri wa Florence, alichagua kuwa alama yake Bahati katika umbo la mwanamke aliye uchi, asimamaye katika chombo mahali pa mlingoti na kushika tanga. Neno la Kiitaliano la bahati lilikuwa pia neno la dhoruba ya baharini. Rucellai, aliyekuwa amepata na kupoteza, hakujua amtegemee nani, Mungu wa kanisa lake au upepo, na ishara ya kale ilimruhusu asichague. Warburg aliipenda mifano ya namna hii, ambayo mtu huonekana amesimama kati ya imani mbili.

Kazi yake iliyo imara kuliko zote ni mhadhara alioutoa Roma mwaka 1912 mbele ya mkutano wa kimataifa wa wanahistoria wa sanaa. Ulihusu picha za miezi katika jumba la Schifanoia mjini Ferrara, zilizochorwa karibu na mwaka 1470 kwa amri ya mtawala Borso d'Este. Picha hizo zilipata kufunikwa kwa chokaa, zikafunuliwa tena katika karne ya 19, na nyingi zilikuwa zimeharibika. Kila mwezi una safu tatu: juu miungu ya kale katika magari ya fahari, chini maisha ya Borso na watu wake, na katikati buruji ya mwezi huo pamoja na watu watatu wa ajabu ambao hakuna aliyejua ni akina nani. Katika mwezi wa Machi, juu ya buruji ya Hamali, amesimama mtu mweusi mwenye nguo nyeupe iliyoraruka, amejifunga kamba kiunoni, ana macho ya hasira.

Warburg, akisaidiwa na maandiko ya nyota yaliyochapishwa na Franz Boll mwaka 1903, alionyesha kwamba watu hao ni mabwana wa theluthi za buruji, kila mmoja akitawala nyuzi 10. Kisha akafuata njia yao kinyumenyume, hatua kwa hatua. Ferrara iliwapata kutokana na tafsiri za Kilatini za kitabu cha Abu Ma'shar, mnajimu aliyezaliwa Balkh na kufanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Jina lake si geni kwa wasomaji wa vitabu vya falaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Kitabu hicho kilikuwa kimepitia pia Kiebrania mikononi mwa Abraham ibn Ezra. Abu Ma'shar aliwapata kwa Wahindi, ambao kati yao Varahamihira wa karne ya 6 alimweleza mtu mweusi huyuhuyu. Wahindi nao walikuwa wamepokea elimu ya nyota ya Wagiriki waliokuwa Misri. Chini ya mavazi hayo yote, kwa hoja ya Warburg, alikuwamo shujaa wa Kigiriki Perseus, ambaye aliondoka Mediterania na kurudi baada ya karne nyingi akiwa hatambulikani hata na jamaa zake.

Umuhimu wa mhadhara huo haukuwa katika kufumbua fumbo tu. Wasomi wa Ulaya walikuwa wakiieleza sanaa ya Italia kana kwamba ilizaliwa kwa Wagiriki na Waitaliano peke yao. Warburg aliwadhihirishia kwamba ukuta wa Ferrara usingesomeka bila ya Misri, Uhindi na Baghdad, na kwamba mipaka waliyoiweka baina ya taaluma mbalimbali ilikuwa mipaka ya walinzi, si ya ujuzi. Mwaka huohuo wa 1912 alikataa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Halle. Alitaka kubaki Hamburg na vitabu vyake, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaza nyumba aliyoinunua mwaka 1909 katika mtaa wa Heilwigstrasse.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alijitwika kazi isiyowezekana: kukusanya na kupanga habari za magazeti ya kila upande, akitafuta humo uongo, uvumi, ndege wa mkosi na miujiza. Katika miaka hiyo pia aliandika utafiti wake kuhusu utabiri katika zama za Martin Luther, uliochapishwa mwaka 1920. Humo alionyesha jinsi mnajimu wa Kiitaliano alivyoihamisha siku ya kuzaliwa ya Luther kutoka mwaka 1483 hadi 22 Oktoba 1484 ili imwangukie katika mkutano wa sayari ulioogopwa, na jinsi hata rafiki wa Luther, Melanchthon, alivyokuwa tayari kuikubali tarehe hiyo. Katika picha ya Dürer ya mwaka 1514 kuhusu huzuni aliona mapambano yaleyale: Zohali, sayari ya majonzi, anazuiliwa na Mushtari kwa mraba wa tarakimu 16 ambao kila safu yake ina jumla ya 34, mfano wa talasimu. Lakini mwanamke aliyeketi katika picha hiyo ameshika bikari na anafikiri. Kwa Warburg huo ulikuwa ushindi wa nusu: hofu ya nyota ilikuwa imeanza kugeuka kuwa fikra.

Yeye mwenyewe hakuupata ushindi huo kwa wakati. Mnamo Novemba 1918, Ujerumani iliposhindwa, alishika bastola akikusudia kuwaua watu wa nyumba yake ili wasianguke mikononi mwa maadui aliowaona kila upande. Alilazwa Hamburg, kisha Jena, na kuanzia mwaka 1921 katika hospitali ya Ludwig Binswanger huko Kreuzlingen, Uswisi. Aliamini kuwa jamaa zake wanateswa katika vyumba vya jirani. Usiku alizungumza na nondo waliokuwa wakiruka chumbani mwake, akiwaeleza shida zake. Mtu aliyetumia miaka 30 akieleza jinsi binadamu anavyoweka nafasi kati yake na kile anachokiogopa, ili apate kufikiri, alikuwa ameipoteza nafasi hiyo yote.

Njia aliyoiomba ya kutokea hospitalini ni ya pekee katika historia ya taaluma. Alipendekeza kwa madaktari kwamba akiweza kutoa mhadhara wa kitaalamu, ihesabiwe kuwa akili yake inamrudia. Akisaidiwa na Fritz Saxl, mwanahistoria aliyekuwa akiitunza maktaba yake, alizifungua tena kumbukumbu za safari ya 1896, na tarehe 21 Aprili, 1923, alizungumza mbele ya madaktari na wagonjwa kuhusu nyoka. Alianza na Wahopi, akaenda kwa Laocoön aliyenyongwa na nyoka pamoja na wanawe, kisha kwa Asclepius, mungu wa uganga, ambaye nyoka huyohuyo amejizungusha katika fimbo yake, na kwa nyoka wa shaba wa Musa. Mnyama mmoja anaua na anaponya. Alimalizia kwa picha aliyoipiga San Francisco: mtu mwenye kofia ndefu anatembea mtaani, na juu yake nyaya za umeme. Umeme ulikuwa umefungwa katika waya na haumtishi mtu tena, lakini Warburg aliona hasara humo pia, kwa kuwa simu na telegrafu ziliiua nafasi ileile ambayo ishara ilikuwa imeijenga kwa taabu.

Kwa upande wa ujuzi, mhadhara huo ni dhaifu kuliko ule wa Roma. Kati ya Ferrara na Baghdad alionyesha vitabu na majina. Kati ya Athens na Oraibi hakuonyesha njia yoyote, akawafanya Wahopi kuwa kama Wagiriki waliochelewa. Kosa hilo la kuwapanga watu walio hai katika ngazi, wengine wakihesabiwa kuwa utoto wa wengine, msomaji wa Kiafrika analijua vizuri. Warburg mwenyewe hakutaka mhadhara huo uchapishwe. Ulitolewa kwa Kiingereza mwaka 1939, miaka kumi baada ya kifo chake, na ndio uliompatia wasomaji wengi kuliko kazi zake zote. Jambo linalobaki bila ya kupingwa ni kwamba mgonjwa aliyeogopa kila kitu aliweza kuizungumzia hofu kwa mpangilio. Mwaka 1924 alirudi nyumbani.

Miaka mitano iliyosalia ilikuwa yenye mavuno. Jengo jipya la maktaba lilifunguliwa mwaka 1926 kando ya nyumba yake, lenye ukumbi wa kusomea wenye umbo la duaradufu, na juu ya mlango liliandikwa kwa herufi za Kigiriki jina la Mnemosyne, mama wa sanaa zote, ambalo maana yake ni kumbukumbu. Vitabu havikupangwa kwa alfabeti wala kwa nchi. Vilifuatana kwa ujirani wa mawazo katika orofa nne, za taswira, neno, mwelekeo na tendo, ili anayetafuta kitabu kimoja akutane na jirani yake asiyemjua. Chini ya jina hilohilo la Mnemosyne alianza, pamoja na Saxl na Gertrud Bing, kazi yake ya mwisho: mbao kubwa zilizovikwa kitambaa cheusi, ambazo juu yake alibandika na kubandua picha. Katika toleo la mwisho mbao zilikuwa 63 na picha zikikaribia 1,000. Nympha ana ubao wake. Sanamu za Babeli zimo, ramani za nyota zimo, na pia stempu za posta, matangazo ya biashara, mwanamke anayecheza gofu katika gazeti, na picha za mkataba kati ya Papa na serikali ya Mussolini uliotiwa saini tarehe 11 Februari, 1929, wakati Warburg na Bing walipokuwa Roma. Maelezo yaliyokusudiwa kuandamana na picha hayakukamilika. Warburg alikufa kwa maradhi ya moyo tarehe 26 Oktoba, 1929.

Mwezi Desemba 1933, mwaka ambao Hitler alishika madaraka, Saxl na Bing walipakia vitabu vipatavyo 60,000 katika meli mbili, Hermia na Jessica, wakavipeleka London. Tangu mwaka 1944 maktaba hiyo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London, na mpangilio wa taswira, neno, mwelekeo na tendo umedumu. Mbao nyeusi zilibaki katika picha za kamera tu, mpaka mwaka 2020 zilipoundwa upya mjini Berlin kwa kutumia picha asilia zilizotafutwa moja moja katika makabati ya London. Jengo la Hamburg lilinunuliwa na mji mwaka 1993, na miaka miwili baadaye watafiti walianza tena kukutana katika ukumbi wa duaradufu. Vitabu vyake viko ng'ambo ya bahari.